Si Unene, Mama

"Zebaki ni dawa tu, haijamdhuru mtu. Si mmemwona kaka alivyonenepa?"

Shikamoo, Mama. Maneno hayo ni ya mwanao Deo. Aliwaambia hapo nyumbani huku anacheka, nami nikamsikia kwenye simu, na sasa nayajibu kabla hata sijauliza miguu yako inaendeleaje na kama mpunga wa hapo Mofu umepona mafuriko. Nisamehe, hasira imenitangulia.

Ile picha yangu uliyowaonyesha majirani si unene. Ni uvimbe. Daktari wa huku Chunya alinipima damu na mkojo. Zebaki imenijaa mwilini, na tezi ya shingoni, ile inayoupa mwili joto na nguvu, imelegea. Hakuapa kwamba ni zebaki peke yake iliyoiharibu. Ila aliniuliza, "Mzee, dhahabu unachomea wapi?" Nikamwambia, chumbani. Akaweka kalamu chini.

Ni kweli, Mama. Miaka yote hii nachoma kwenye kikaango dhahabu iliyonaswa na zebaki, nimefunga mlango na dirisha ili jirani asijue nimepata. Zebaki inapanda moshi, dhahabu inabaki. Na moshi nao ulibaki, nikalala nao. Wenzangu wananitania, "Bosi, shavu limeitika!" Nacheka nao, nimevaa koti juani, mikono inatetemeka. Ile sauti yangu ya besi uliyokuwa ukiitambua kanisani kutoka benchi la nyuma imekauka. Juzi nilitaka kumtaja marehemu Baba kwenye sala, jina likanipotea. Nikakaa nalia.

Nani aliiita sumu hii dawa? Wanaotuuzia! Nasi tukaitikia, kwa sababu hakuna anayeogopa dawa. Deo, unasema mkija huku kuchimba, mkeo Yustina hatagusa zebaki, atakaa jikoni tu. Jikoni ndiko mtakakochomea, mdogo wangu! Na huyo mtoto aliye tumboni atavuta hewa gani?

Nisalimieni shangazi wa Kivukoni na mjomba wa Chita aliyenifundisha kuimba. Msiwaambie nimenenepa.

Deo, usije huku, na Yustina asipande basi. Na wewe Mama, nasikia umeshawafungia mchele wa safari. Ufungue. Uupike leo, mle hapo hapo nyumbani, wote watatu.

Mwanao,
Kasiani