Mgeni wa Kwenye Ndoo

Binti yangu,

Samaki wa bluu niliyekuletea yuko jikoni, kwenye ndoo nyeupe. Usimtie kwenye tangi lako. Ndoo nimeifunika kwa chujio, maana anaruka. Chai yako imo kwenye chupa. Uliondoka bila kuigusa.

Asubuhi ulinionya: samaki huyu hushikwa upesi na madoa meupe, kisha anawaambukiza wenzake. Nami nikajifanya msemaji: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Nilidhani utacheka. Ukasema, "Baba, hata wewe ni mgeni. Unashusha zawadi, unapanda lori, mimi nabaki na wagonjwa."

Ulipotoka nilivaa miwani nikamchungulia. Kweli, pezini ana punje nyeupe, kama chumvi. Ningemtia tangini, wale wako wa rangi ya machungwa, uliowalea tangu wadogo, wangekwisha wote.

~~Nitamrudisha dukani nikipita.~~ Hapana, akitikiswa tena atakufa. Nimemchotea yale maji ya chumvi uliyoyaandaa, na pampu ndogo ya hewa inafanya kazi. Wavu wa tangini usiutumie kwenye ndoo. Lakini namfundisha nani!

Akipona, kumtia au kumgawa ni uamuzi wako. Usinionee haya.

Mzigo huu nimeshaukubali, lazima niufikishe. Ila nikirudi sipandi lori tena mpaka mgonjwa apone, na ndoo nitaisugua mwenyewe.

Baba
~~(mgeni wako)~~
(mwenyeji, ukinikubali)