Shikamoo ya Kusimama

Alhamisi, Bugene

Kwa hiyo sitapiga magoti tena. Ndiyo maana yake, hata kama dokta alizungusha maneno.

Tangu nianguke na bodaboda mwaka jana, mfupa mmoja ndani ya kifundo cha mguu umekosa damu, umekufa. Umekufa, na mimi mwenyewe nipo hai! Dokta anataka kunifanyia operesheni, na nimeshaangalia video zake zote kwenye simu. Wanakwangua sehemu iliyokufa, wanafunga mifupa kwa skrubu mpaka ishikane iwe mmoja. Maumivu yanaisha. Lakini kifundo hakikunjiki tena.

"Nitaweza kupiga magoti?" nikamuuliza.

"Kanisani kaa tu kwenye benchi."

"Siyo kanisani, dokta! Kusalimia wakubwa."

Akaangalia tena picha ya mguu.

Shangazi ndiye aliyeelewa haraka. "Mama mkwe utamsalimiaje? Umesimama kama mgambo? Subiri kwanza uolewe."

Nisubiri, na usiku silali kwa maumivu. Nilikasirika mpaka...

Jioni Bibi akaja kutoka Kamuli. Nikaanza kushuka nipige magoti nimsalimie, mguu ukakataa, nikashika ukuta.

"Simama, mjukuu wangu."

Nikasema shikamoo nimesimama, aibu imenijaa. Akataka kuniwekea mkono kichwani kama siku zote, hakufika. Ikabidi niiname.

"Kumbe umekuwa mrefu hivi!" Akacheka sana.

Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Halafu nikamwambia Mama, Jumatatu twende hospitali wanilaze, operesheni ifanyike.