Mbwa wa Yadi

Jumanne. Nekesa amelala, baba yake amenuna.

Eti nimtue mtoto kwanza ndipo niingie jikoni kwangu mwenyewe. Alisema hivyo asubuhi, baada ya jibwa lake kurarua leso niliyombebea Nekesa mgongoni. Meno yalikosa mguu wa mtoto kidogo tu.

"Simba hana ubaya, Mama Nekesa. Kule yadi ya malori mpakani alifundishwa kukamata mtu mwenye mzigo. Amedhani umeiba."

Nimeiba nini, mtoto wangu? Mwanamume mzima anamtetea mbwa kama wakili.

Nilichukua mto, nikaufunga mgongoni mwake kwa leso ileile iliyoraruka. "Haya mzee, vuka uwanja uniletee maji. Si ni rafiki yako?"

Alicheka mpaka mlangoni. Simba alipoinuka, bwana mkubwa akaparamia tangi la maji, akimwita mama yake.

Nikamwacha huko juu, nikakaa kumnyonyesha Nekesa.

Kesho mbwa anarudi yadi. Bwana mkubwa ameahidi mwenyewe, palepale juu ya tangi, kabla sijamrushia Simba ugali nikamfungia bandani.