Mdogo Wangu Anakataa Kukatwa Kinyama cha Ngozi, Eti Sampo Huleta Eskaveta

Mpendwa mshauri, Anti Serafina,

Mwangaluka, na shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nirudishie. Naomba msaada haraka, nimekutumia kwa wasap kwa sababu Alhamisi haisubiri mtu, na tafadhali jina langu lisitokee gazetini, andika tu Mama L. wa Ngokolo, Shinyanga, mwenye duka la vitenge lenye mlango wa bluu. Mdogo wangu wewe mtaje tu, Mageni, mchimbaji wa dhahabu kule Masumbwe, labda ataona aibu.

Huyu Mageni ndiye ndugu wa tumbo moja niliyebaki naye duniani, na mwaka jana mwili wake uliacha kutengeneza damu, hatua mbili anahema, fizi zinavuja, tukahangaika naye mpaka hospitali kubwa, wakasema apandikizwe uboho wa ndugu, yaani ule ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu, wakatupima, wangu ukafanana na wake, nikalala kifudifudi wakanitoboa nyonga wakauvuta, na mwanzoni mwa mwaka huu Mageni akafufuka, akawa anakula ugali na sato kama mtu aliyefunguliwa jela. Hata kundi lake la damu sasa limekuwa langu, daktari mwenyewe alisema, sasa niambie wewe Anti, huyo si sawa na mtoto wangu?

Basi vipele vikaanza masikioni, vikashuka shingoni na kifuani, viganja vikawa vyekundu vinawaka kama aliyepukuchua pilipili kichaa. Tukarudi kwa daktari, akatueleza vizuri tu kwamba huenda uboho wangu umeamka ndani ya mwili wa Mageni, ukatazama huku na huku, ukaona hapa si kwetu, ukaanza kumpiga mwenye nyumba, lakini pia huenda ni dawa mojawapo imemkataa, maana kwa macho vipele vinafanana, kwa hiyo Alhamisi aje akatwe kinyama kidogo cha ngozi kikapimwe. Mimi nikasema sawa. Mageni akasema, "Yaya!" Hapana kabisa, akavaa kofia yake akatoka nje.

Nikamfuata kwenye benchi nikamwambia, Mageni baba, ni kinyama kidogo kama punje ya maharage. Akaniambia, "Dada, sampo wewe huijui, mimi naijua. Kwenye duara letu, lile shimo letu la dhahabu, walikuja wataalamu na shati safi, wakaomba konzi moja tu ya udongo wakapime. Konzi moja! Mwezi haujaisha ikaja eskaveta, tukaambiwa tupishe. Hakuna mtu aliyewahi kuchukua sampo akaishia kwenye sampo. Leo kinyama, wakikipenda, kesho wanaleta mashine wanichimbe mpaka ini." Nikamwambia ini lako litawasaidia nini, limejaa soda. Akanuna.

Kufika Masumbwe akamweleza baba mdogo wetu, mzee Maganga, na baba mdogo akaitisha kikao cha ukoo, akasema hospitali ya nini wakati jambo liko wazi, uboho wa Paskalina unampiga Mageni kwa sababu Paskalina ana kinyongo moyoni, kwa hiyo nitoe mbuzi, nikiri kinyongo changu mbele ya watu, nichukue maji mdomoni nimpulizie Mageni kifuani kama wafanyavyo ndugu waliogombana, na uboho utatulia. Anti, nilisimama nikauliza, uboho nimetoa mimi, na mbuzi nitoe mimi? Aliyecheka ni mke wa Mageni, Aneth, peke yake, akajifanya anakohoa.

Kinyongo sina, naapa! Namtunza kuliko mboni ya jicho. Nikienda kumtembelea kijiweni nawakumbusha wenzake kwa upole tu kwamba anayetembea pale ni mimi. Kwenye harusi ya binamu yetu nilipewa kipaza sauti nikamsimamisha Mageni aonyeshe kifua, watu waone kazi ya dada, wakapiga vigelegele. Akinywa soda ya pili namwambia aache, damu yangu haijazoea sukari. Hayo ni mapenzi. Lakini juzi nilipompigia kumbembeleza aende, akanijibu, "Wakinikata, hata hicho kinyama utasema ni chako." Nikacheka sana, nikamwambia nusu yake ndiyo. Akakata simu, na tangu hapo hapokei.

Aneth ananiambia sasa Mageni ameanza kuhara, na baba mdogo anampaka samli yenye majani asiyoyataja. Mimi nimepanga mawili. Ama nikubali uongo wa kinyongo, nitoe mbuzi, yaishe. Ama nichukue wanaume wawili wenye nguvu tukambebe juu juu Jumatano, tumfunge na kitenge, tumpakie kwenye gari hadi hospitali. Nifanye lipi? Silali. Akifa huyu nitabaki na nani wa kuniita dada?

Mimi Mama L.

JIBU LA ANTI SERAFINA

Mama L., marahaba, nimekuzidi. Jina lako umelitaja mwenyewe kwenye kikao cha mbuzi, kwa hiyo usinilaumu.

Kwanza kuhara. Hilo si la kusubiri Alhamisi, wala si la kusubiri gazeti, ndiyo maana nimekupigia kabla ya kuandika, na haya nawaandikia wengine wenye mgonjwa kama huyu. Aliyepandikizwa uboho akipata vipele na kuhara, au macho yakawa ya manjano, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, maana kama uboho unampiga mwenyeji wake, hauishii kwenye ngozi, hushuka tumboni na kwenye ini. Dawa zake zote abebe, asiache hata moja kwa kuamua mwenyewe. Samli imwagwe. Mzee Maganga namheshimu, lakini ngozi ile imechubuka, na majani yasiyotajwa jina hayapakwi kwa mtu ambaye kinga yake bado changa.

Pili kinyama. Nimemuuliza daktari wa ngozi ninayemwamini. Anachoma sindano ya ganzi, anachukua kipande chembamba, anaweka uzi mmoja au miwili, mtu anarudi kitandani kwake. Kile kipande kinakatwa vipande vyembamba mno, kinatiwa rangi, kinatazamwa kwa hadubini kuona chembe za ngozi zinauawa vipi. Tena akaniomba nisiwadanganye: wakati mwingine jibu linarudi "huenda", kwa sababu hata kwenye hadubini dawa iliyomkataa mtu inaweza kufanana na uboho unaompiga. Wanaliweka jibu hilo pamoja na kuhara, na vipimo vya ini, na dawa anazomeza, ndipo wanaamua. Wakiona hali inakimbia wanaweza kuanza tiba kabla majibu hayajafika. Kwa hiyo jibu likija la huenda, usije ukapiga kelele wodini kwamba mmekatwa bure.

Na Mageni usimwite mjinga. Mtu aliyepokonywa duara kwa konzi moja ya udongo ana haki ya kuogopa sampo! Muulize daktari mbele yake: mnachukua kiasi gani, mnapeleka wapi, na baada ya hapo mtafanya nini? Daktari ajibu yeye, siyo wewe. Ngozi ni yake, na hakuna atakayeikata bila yeye kukubali. Wale wanaume wawili waambie wakalime. Ukimfunga mgonjwa na kitenge utamfikisha hospitali, lakini kesho yake hatarudi tena, na huu ugonjwa unataka kurudi na kurudi.

Sasa nakugeukia wewe, mama, na ukae vizuri.

Kinyongo huna, nakubali, na uboho hausikii kinyongo wala mbuzi. Usikiri uongo. Ukikiri, siku vipele vikirudi watasema umerudia. Lakini umeniandikia barua ndefu na jibu umelitia mwenyewe ndani yake, ukalicheka. "Hata hicho kinyama utasema ni chako." Umesikia alichosema? Mwanaume mzima, ana mke, ana wenzake wa kazi, umemvua shati harusini! Umemhesabia soda! Kijiweni anaitwa wewe! Hayo si mapenzi, Mama L., hayo ni masimango, hata yakisemwa kwa upole na kushangiliwa kwa vigelegele. Eskaveta anaiogopa, ndiyo, lakini siku ile kwenye benchi bado alikuwa anakueleza hofu yake. Aliacha kupokea simu baada ya wewe kudai nusu ya ngozi. Wewe ni dada mwenye moyo mkubwa, ulilala kifudifudi ukatobolewa bila kusitasita, na sasa mdomo wako unamfanya aone afadhali kuugua kuliko kuendelea kukushukuru.

Kwa hiyo, kama nilivyokwambia kwenye simu, fanya hivi. Nenda Masumbwe leo, peke yako. Kikao usikiitishe. Mkute kwake, msalimie, mwambie: "Mageni, nilikupa, na nilichokupa ni chako. Nisamehe kwa maneno yangu." Usiongeze lakini. Usiongeze daktari. Maji ya kupuliza akiyataka yeye, mpulizie, maji safi hayamdhuru mtu, ila juu ya kanga, siyo kwenye vidonda. Kisha Aneth ndiye amwombe waondoke, maana ni mkewe, na amekuwa akikohoa kicheko peke yake muda mrefu.

Wewe panda gari hilo hilo, kaa kiti cha nyuma. Kule hospitali wakiuliza nani alitoa uboho, utaulizwa kweli, kwa sababu wanahitaji kujua. Jibu, "Mimi," kisha nyamaza, mshike mdogo wako mkono mwingine, ule usiochomwa sindano, na mwache yeye aongee.