Waliuliza Andrea Atarudi Saa Ngapi

Buswelu,
Sikukuu ya Mtakatifu Andrea

Mwanangu Veronika,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Wajukuu wangu wazima? Mihogo umepanda, au bado unamsubiri shemeji yako akulimie? Mimi nipo hapa kwa wifi yako. Miguu inauma, lakini kanisani inanifikisha. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungelia, nami nisingemaliza.

Mwezi uliopita nilikukaripia ulipotaka jina la mume wako litiwe kwenye bahasha ya marehemu, lisomwe Novemba nzima pamoja na ya marehemu wengine. Nilisema mwanangu sijamzika. Nilisema mtumbwi kurudi mtupu si maiti. Nikampigia mwenyekiti wa jumuiya, akalikata jina. Mwaka wa saba huu nakuzuia, na nilikuwa najisifu.

Leo nikafanya kama kila mwaka. Nimeandikisha nia ya Misa: shukrani, Andrea anasherehekea somo wake, mtakatifu wa jina lake. Huko Nansio watu wanajua, wananyamaza. Hapa hawajui. Injili ikawa ile ile, Yesu anawaita wavuvi, wanaacha nyavu, wawili wanamwacha na baba yao mtumbwini. Padri akasifu walivyoondoka bila kuuliza. Mimi nikawaza, na mama yao je? Najua, baadaye anakuja kuwaombea wanawe viti. Lakini siku ile nani alikwenda kumwambia? Na Petro alikuwa na mkwe, basi mke alikuwepo. Nani alimwambia asimwekee ugali? Nimesikiliza masomo maisha yangu yote, hilo halisomwi.

Baada ya Misa akina mama waliosikia nia yangu ikisomwa wakanizunguka kwa vigelegele.

"Heri ya somo, Bibi! Yuko wapi mwenyewe tumpongeze?"

Nikasema, "Yuko ziwani."

"Atarudi saa ngapi? Tutakuja kumwimbia, na kuku usimfiche!"

Wakacheka. Nikafungua mdomo, Veronika, nikakosa saa ya kuwatajia. Si saa, si siku, si mwaka. Mmoja akanishika mkono akidhani naanguka. Ndipo nikalisema, mbele ya watu nisiowajua vizuri: "Mwanangu amekufa." Vigelegele vikakatika. Wakapiga magoti pale pale uani, wakamwombea raha ya milele. Mimi nilibaki nimesimama, magoti yalikataa.

Sasa sikiliza, na usijifanye umenishinda. Nilikosea. Nimekuweka miaka saba huna mume na huna msiba. Wenzako walilia marehemu wao, wewe ukameza kilio kwa sababu ya kiburi changu. Novemba imekwisha leo, haidhuru, Misa ya marehemu husomwa siku yoyote. Nenda parokiani. Wakisema mama yake alikataa, waonyeshe karatasi hii. Mwandiko mbaya namna hii wataujua ni wa nani. Siku ikipangwa uniambie, nipande kivuko. Utakaa benchi moja na mimi.

Nisalimie dada yangu mkubwa, na aache chumvi. Mwenyekiti wa jumuiya mwambie asinilaumu, aliyemsumbua ni mimi. Katekista mzee mpe salamu za heshima. Watoto waambie wewe mwenyewe habari ya baba yao, usimwachie mtu.

Mama mkwe wako,
Anastazia

Jina la kusomwa: Marehemu Andrea, mume wa Veronika, mtoto wangu.