Nyumba Isiyopokea Kitu

Mtaa wa Dallas, Embu
Agosti 1999

Mama yangu mpendwa,

Muga, Mama, nakusalimu. Muga tena, maana najua Beth amesoma ya kwanza mbiombio kabla hujakaa vizuri. Beth, mwana wa kaka yangu, mngoje nyanya aketi, mfunike magoti kwa shuka, halafu uanze upya. Na usome yote. Usiruke mahali kwa kuona haya, nitajua tu.

Goti linaendeleaje? Kaka Salesio aliniambia bado unateremka mtoni kuangalia nduma zako ingawa daktari alikukataza. Sikushangaa. Wewe hukatazwi ukakatazika. Mara moja tu maishani mwako ulikatazwa jambo ukatii, na ndilo lililonikalisha chini leo nikuandikie. Nitalifikia, usinikimbize. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku mwezi wa saba iliniachia kikohozi ambacho kimeanza kuaga. Kahawa je, imeiva vizuri? Na yule ng'ombe mweusi amezaa dume au jike? Salesio hujibu mambo ya maana kwa kunyamaza.

Kazini kuna msiba, lakini ni msiba wa chuma. Tumeletewa kompyuta. Taipureta yangu, ile nzito ya kijani, ilibebwa na vijana hadi stoo, nami nikaisindikiza mpaka mlangoni. Wakanicheka. Waache wacheke. Siku hizi mtu akikosea anabonyeza kidude na kosa linatoweka. Sisi tulikuwa tukikosea herufi kwenye ukurasa wenye kaboni chini yake, unaurudia wote huku jaji anakohoa mlangoni. Tangu ile mashine iondoke meza yangu ni kimya sana, na katika kimya hicho mambo ya zamani yamekuwa yakinijia moja baada ya jingine.

Unakumbuka nilivyoanza kazi Meru? Ulinipigia sketi pasi ya makaa mpaka ikawa inasimama yenyewe. Majirani walikuja kukupongeza, nawe ukawaeleza kwamba binti yako ni jaji mdogo. Mama! Nilikueleza mara ngapi kazi yangu, na kila mara ukasema umeelewa? Korti ya rufaa ni korti ya walioshindwa. Mtu akishindwa kule chini, anakuja kwetu kuomba kesi yake itazamwe upya. Majaji wakishaamua, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga hukumu taipu, kwa hiyo nilijua nani atalia na nani atapigiwa vigelegele kabla wenyewe hawajajua.

Ndiyo sababu yule jaji mzee aliniita siku ya kwanza akanipa onyo. Alisema sekretari wa rufaa ana masikio na vidole, lakini hana mdomo. Akasema pia kwamba watu watanikosa ofisini wanitafute nyumbani, na kwamba yai moja likipokelewa na mama yangu linatosha kuiharibu hukumu ya majaji watatu. Jumamosi hiyo hiyo nikaja nyumbani nikakuwekea sheria: mtu yeyote tusiyemjua, akija na kitu mkononi na kuulizia jina langu, mpe chai, msikilize, kisha mrudishie kitu chake na umwambie kwamba binti yako amekukataza kupokea.

Ulinung'unika wewe! Ulisema nimesoma nikapotea. Uliniuliza ni lini umeona kiondo cha mgeni kikirudi na vitu vile vile kilivyokuja navyo. Kwetu kiondo kikija na viazi hurudi na ndizi, na asiye na kitu kabisa hutia ndani hata majani ya chai, mradi kisirudi kitupu. Lakini ulitii, Mama. Nyumba yetu ikajulikana Nkubu nzima kuwa nyumba isiyopokea kitu.

Na tulivyocheka miaka ile! Kuna yule bwana aliyeleta jogoo, jogoo akakatika kamba, mkamfukuza pamoja katikati ya mibuni ili umrudishie. Kuna ule mkungu wa ndizi ulioachwa langoni, Salesio akaubeba kichwani hadi stendi kumtafuta mwenyewe, akalalamika shingo wiki nzima.

Halafu kuna yule mama wa asali. Hiyo ulinisimulia jikoni ukimenya viazi. Ulisema alikuja peke yake, mwembamba, Mmbeere kwa lafudhi yake, akauliza kama hapa ndipo kwa kina Felicitas wa kortini. Akaketi, kiondo katikati ya miguu. Akasifu kahawa yako, akasifu ng'ombe, akasifu hata bomba la moshi, lakini kilichomleta hakukisema. Siku hizo mashamba ya Mbeere yalikuwa yakipimwa na kesi zao zilitujaa mpaka kwenye ngazi, kwa hiyo ulijua mara moja kwamba ana kesi. Alipoaga alikiacha kiondo kando ya mlango, nawe ukamkimbilia hadi barabarani ukamrudishia mkononi, ukamwambia maneno niliyokufundisha: binti yangu amenikataza. Ulisema asali ile ilinukia mpaka ukameza mate. Nami nilikukumbatia, nikakusifu, nikakuambia kwamba jaji angejua ana mlinzi kama wewe angelala usingizi wa mtoto.

Sasa namtaja mtu usiyetaka atajwe. Beth, endelea kusoma.

Nthiga. Yule unayemwita mtu wa Gachoka, na mara nyingine majina ambayo siwezi kumfanya mtoto ayasome. Alikuwa mkalimani wetu majaji walipokaa Embu, nami nikija nao na taipureta yangu kwenye landrova. Sijawahi kukueleza nilimpendea nini, basi leo nakueleza. Siku moja mzee kutoka Kianjokoma alifika na mashahidi wake wote, wamevaa makoti ya Krismasi, wamejiandaa kusema. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba katika rufaa shahidi haulizwi kitu. Makarani walimcheka. Nthiga alitoka nje, akaketi nao nyasini, akawaeleza polepole kwa Kiembu kwamba majaji husoma tu yale yaliyosemwa kule chini, na ambalo halikusemwa kule, huku juu halisikiki. Mzee akauliza, je, mtu akiwa alisahau kulisema? Nthiga alimwinua kwa mkono. Akawapeleka wote hotelini akawanywesha chai. Mimi nilikuwa dirishani, na nilimpenda hapo hapo. Sikuona haya wakati ule na sioni haya sasa.

Mengine unayajua. Aliniahidi kwamba watu wake watakuja nyumbani baada ya mavuno. Ukapaka nyumba chokaa. Ukamwomba shangazi sufuria kubwa. Tulingoja wanaume wa makoti na bakora, na kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa jani la mgomba, kama watu wanavyokuja kuposa kwetu. Hawakuja. Mwezi uliofuata nikasikia Nthiga ameomba uhamisho kwenda Kitui, akaondoka bila hata kuniaga. Nami kwa kiburi changu cha kwetu Imenti sikumwandikia neno. Watu wakasema nimeolewa na taipureta. Wewe uliumia kuliko mimi, najua, nilikusikia ukisali. Ukaapa kwamba mtu huyo akikanyaga boma lako utamfungulia mbwa, na kila mbwa uliyefuga tangu hapo umekuwa ukimwambia kazi yake.

Mwaka huu Nthiga amerudishwa Embu, nilikohamia mimi. Ana mvi. Alioa Kitui, mkewe akafariki, watoto ni wakubwa. Tulikuwa tukisalimiana kama watu walio kwenye foleni ya posta, habari ya asubuhi, nzuri, basi. Mpaka mwezi wa sita. Siku hiyo mama mmoja mwenye rufaa alinifuata mlangoni na mayai, nami nikamrudishia kwa maneno yangu ya siku zote, makali kidogo. Nthiga alikuwa ameegemea ukuta. Akaniuliza kama huwa narudisha kila kitu. Nikamjibu kwa majivuno kwamba si mimi tu, hata kwetu, kwamba mama yangu amerudisha majogoo na mikungu ya ndizi, na mwaka ule mashamba ya Mbeere yalipokuwa yakipimwa alirudisha hadi asali ya mama mmoja aliyekataa kusema shida yake.

Nthiga akaketi kwenye benchi. Akaniuliza kama mama huyo aliambiwa neno lolote. Nikamwambia aliambiwa kama wenzake wote, kwamba binti amekataza. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba yule alikuwa mama yake.

Mama, tulia. Beth, mpe maji.

Hakuwa na kesi. Kwao, wanaume hawatumwi kwanza. Anatangulia mama wa kijana, peke yake, kama mpita njia, na hasemi kilichomleta kwa sababu kiondo ndicho kinachosema. Kikipokelewa na kurudi na kitu cha nyumba ile ndani, wazee wanafuata. Kikirudi kama kilivyokwenda, basi. Mama yake, Mama Igoki, alipanda basi kutoka Gachoka kule Mbeere na asali ya mizinga ya marehemu mumewe. Alichosikia kwako, kwa masikio yake, ni kwamba binti mwenyewe amekataza. Alifika nyumbani akaiweka mbele ya Nthiga, akamwambia ni msichana aliyekataa, asimsumbue mtoto wa watu. Asali ile hawakuila.

Nilicheka, Mama. Nilicheka kama mwehu, kisha nikalia kwa sauti mpaka karani wa faili akadhani nimefiwa. Nililia kwa miaka yote ile, na kwa sababu nilikukumbatia jikoni siku ile nikakusifu, na wewe ukafurahi kwa kusifiwa. Nimetafuta wa kumlaumu sijampata. Jaji alisema kweli. Wewe ulishika neno langu. Mama Igoki alifuata desturi yao. Tusitafute mkosaji, tutachoka bure.

Ninalotaka kukuambia ni hili. Nampenda Nthiga. Ningesema nimempenda tena, lakini ningekuwa nadanganya, maana sikuwahi kuacha. Ameniuliza kama nitakubali kuolewa naye na mvi zangu hizi, nikamwambia mimi nimekubali, lakini siingii kwa mtu ambaye mama yangu amemwekea mbwa. Wewe ukikataa, nitabaki hivi nilivyo na sitakununia. Ndiyo maana sikuja mwenyewe. Ningekuja ungeniangalia usoni ukakubali kwa huruma, nami nataka uamue ukiwa peke yako. Yule mzee wa Kianjokoma aliuliza mtu afanye nini akiwa alisahau kusema jambo kule chini. Mimi nimelisema sasa, jaji ni wewe.

Mama Igoki bado yu hai. Mgongo umepinda, lakini akili ni ile ile. Tulipomweleza alijipiga paja akasema hawezi kufa na kiondo kilichorudi. Wanaume walitaka kutangulia safari hii, akawakatalia, kwamba ni yeye aliyeianza safari na ni yeye atakayeimaliza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Nthiga atamfikisha hadi Nkubu, asubiri stendi, na mama atapanda kwako peke yake. Ataketi. Atasifu kahawa. Hatasema kilichomleta, na wewe usimuulize. Mpe chai. Akikiacha kiondo kando ya mlango, Mama, usimkimbilie.

Ile sheria niliyokuwekea nimeifuta leo. Kiingize kiondo ndani. Na akiondoka, mrudishie kikiwa na kitu cha nyumba yetu, viazi, ndizi, hata majani ya chai. Mimi nitakuwa stendi ya Embu jioni hiyo, na akishuka kwenye basi sitamtazama usoni kwanza.

Nisalimie Salesio na mkewe Teresia, na umwambie Salesio kwamba shingo yake naiomba msamaha. Wasalimie akina mama wa kanisa, lakini habari hii wasipewe mpaka tumalize. Mguse ng'ombe mweusi kwa niaba yangu. Beth, asante sana, umesoma vizuri. Sasa toka nje ukaokote kuni kidogo, mwache nyanya akae na barua yake. Mungu akulinde, Mama, wewe na goti lako.

Ni mimi binti yako wa pekee,
Felicitas Mukiri

Nilikuwa karibu nisahau: mbwa afungwe siku hiyo. Na ile asali uliyoimezea mate, safari hii ionje.