Zulia Lisiloota Jua

Jumamosi, jua limeshazama. Leo limechoma tangu asubuhi bila huruma, na upepo wa ziwani ambao mchana hupanda huku kwetu Igogo umegoma kabisa. Naandika kwa sababu nisipoyatoa haya nitapasuka, na hakuna mtu wa kumwambia.

Koku amelala. Nimemwegemeza kwenye rundo la nguo, maana akilala chali anaanza kutafuta hewa. Kifua bado kinalia, lakini amelala.

Leo nusura nimuue mwanangu mwenyewe.

Haya, nimeandika. Sasa nianze mwanzo kabla baba yake hajaingia ndani. Amekaa kibarazani tangu Balozi wa nyumba kumi aondoke.

Koku ndiye mtoto wetu pekee. Yuko darasa la kwanza, na pumu ilimwanza masika yaliyopita. Kwanza tulidhani mafua. Tukamsugua mafuta kifuani, tukamnywesha tangawizi, mama mkwe akatuma mizizi kutoka Kagera, ikachemshwa, ikanywewa, nyumba nzima ikanuka. Wapi! Mtoto anapiga mluzi kifuani kama birika. Akicheza nje na wenzake, ana nafuu. Akiingia ndani akajilaza sebuleni, pale anapopapenda, taabu inaanza upya. Nililiona hilo kwa macho yangu haya mawili na sikulielewa, mpaka daktari aliponiuliza juzi: mtoto huwa analala juu ya nini?

Nikamwambia, juu ya zulia. Tumelifunika mikeka, lakini chini ni zulia.

Daktari akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kwamba zulia nene likikaa ndani miaka bila kutolewa linajaa vumbi, na ndani ya vumbi hilo wamo vijidudu usivyoweza kuviona, na kinyesi chao ndicho kinachomziba mtoto. Nilitoe nje, nilipige kwa upande wa nyuma, nilifue, nilianike likauke mpaka ndani kabisa, maana likirudi na unyevu litaota ukungu na hali itakuwa mbaya zaidi. Likiwezekana lisirudi kabisa. Alisema kama vile ni kazi ya asubuhi moja. Simlaumu. Angejuaje kwamba zulia letu haliruhusiwi kuota jua?

Lilikuwa la tajiri mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa mjini. Baba Koku alikuwa karani wake kabla hajaingia kwenye kazi ya pamba. Yule tajiri alipofunga duka akahama nchi, alimwita akamwambia, chukua hili, umenitumikia vizuri. Zulia jekundu, lina maua ya buluu, nene hata mguu unazama. Mume wangu alilipenda jamani! Mgeni akija alivua viatu mlangoni, na mwenye nyumba akawa anakohoa kidogo, kujidai tu. Nilikuwa namcheka mpaka machozi.

Halafu msako ukaanza. Watu wa serikali wanaingia nyumba kwa nyumba kutafuta bidhaa zilizofichwa, na ukikutwa na kitu cha maana bila risiti, wewe ni mlanguzi. Huku ziwani watu wametupa vitenge majini, majora mazima, kwa hofu. Sasa zawadi ina risiti? Aliyeitoa yuko wapi aje aseme? Ndipo tukalifunika mikeka. Tukaacha kukaribisha watu ndani, wageni tukawa tunawapokea kibarazani, eti ndani kuna joto. Na mimi nikawa nafagia mikeka juu juu, vumbi linazama chini, linakaa, linamngoja mwanangu.

Nilipotoka kwa daktari nilimwambia Baba Koku tulitupe. Akasema ukionekana umelibeba ndipo watajua unalo. Nikamwambia basi tulianike nyuma ya nyumba. Akanitazama kama nimerukwa na akili.

"Juani? Mbele ya Balozi? Mama Koku, unataka nifungwe?"

Nikarudi jikoni. Nakiri, sikubishana kwa sababu na mimi naogopa. Mbele ya watu najifanya nina mdomo, lakini nikiona gari la serikali linapanda mlima huu naingia ndani nakomea mlango.

Leo asubuhi alikwenda Buhongwa na lori la pamba. Nikasema, leo leo. Koku nikampeleka kwa Mama Nyanzala, jirani yangu ambaye ana watoto wa kucheza naye. Nikarudi, nikafunga madirisha yote, nikakomea mlango wa mbele, nikaziba kanga chini ya mlango ili vumbi lisitoke nje likanisaliti. Nikakunja mikeka, nikalikalisha zulia juu ya meza, mgongo juu, nikaanza kulipiga kwa mchi.

Lakini mchi una sauti yake. Mtu akipita atajiuliza, Mama Koku anapiga nini? Basi nikaleta kinu sebuleni, nikatia mahindi. Nikawa nalipiga zulia, kisha natwanga kidogo, nalipiga tena, natwanga. Wapitao waseme, mwanamke yule hodari, leo anatwanga. Ningejiona wakati ule ningecheka. Leo sicheki.

Jamani, vilivyotoka humo! Mchanga. Manyoya ya kuku. Vichwa vya dagaa. Pamba iliyotoka kwenye suruali za Baba Koku, imesokotana na nywele zangu mwenyewe. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi na kufia kwenye taa, wamekauka wamekuwa unga. Na vumbi lenyewe, laini, la rangi ya majivu, halina mwisho. Kila nikipiga linatoka, nikidhani limekwisha linatoka tena. Bati letu lina matundu ya misumari, na mwanga wa jua ulipopenya pale niliona hewa imekuwa uji. Nikajifunga kitenge puani nikaendelea. Nilijiona nafanya kazi ya daktari. Nilijiona mama wa kweli.

Vumbi linaondoka kwenye zulia, lakini linakwenda wapi, we mwanamke? Umefunga kila tundu!

Hilo halikunijia kichwani. Mungu ni shahidi, halikunijia.

Sabuni hakuna, ile ya foleni ya juzi iliisha kabla sijafika mbele. Nikalishusha zulia, nikalitandaza chini, maua juu, nikatoka uani kuponda majani ya mpapai nipate povu la kulisugulia. Mlango wa uani nikaurudishia tu. Koku alikuwa amechoka kucheza, akapita ule mlango nikiwa nimeinama kwenye mpapai, sikumwona. Nilisikia anafurahi ndani. "Mama, maua yamerudi!" Maskini, tangu tuweke mikeka hakuwahi kuyaona. Nilipoingia nilimkuta amelala kifudifudi juu yake, uso umezama kwenye nyuzi, anayashika moja moja kwa kidole.

Kisha akanyanyua kichwa, na sauti haikutoka tena.

Siwezi kuandika yote. Midomo iligeuka rangi. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta, na hewa haiji. Nilimbeba nikakimbilia mlango wa mbele, nikakuta komeo, nikashindwa kulifungua kwa mkono mmoja, nikalipiga teke, nikapiga kelele ambazo mtaa mzima umezisikia. Hofu ya watu nilikuwa nimeiacha ndani.

Mama Nyanzala alifika akikimbia. "Mayu, mama wee! Mkalishe! Usimlaze, mkalishe!" Akamlegeza gauni, akamwinamisha mbele mikononi mwangu, akaingia ndani kuchukua vidonge vya daktari ninavyoviweka kabatini. Akatoka anakohoa, nywele nyeupe kwa vumbi, kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga.

"Ulikuwa unatwanga nini humo ndani, shoga yangu?"

Nikamwambia. Akaziba mdomo kwa kiganja.

Tukampa kidonge, tukakaa pale chini kwenye kivuli cha jiwe kubwa lililo ubavuni mwa nyumba, mtoto katikati yetu, tunavuta pumzi pamoja naye kana kwamba tunaweza kumsaidia. Nikasali rozari bila rozari. Niliahidi vitu ambavyo sijui nitavitoa wapi. Pole pole midomo ikarudi, ule mluzi ukarudi. Sijawahi kufikiri nitafurahi kuusikia mluzi ule.

Alipoweza kusema, akasema, "Mama, kiu."

Hapo ndipo nilipoasi. Nilimwachia Mama Nyanzala mtoto ampe maji, nikaingia ndani, nikalishika lile zulia pembeni nikaliburuta. Mlango wa mbele. Mchana kweupe. Nikalipandisha juu ya lile jiwe, linaloonekana tangu barabarani, nikalitandaza lote, nikachukua mchi. Nilipiga kwa hasira za miezi yote. Nilimpiga yule tajiri, nikaupiga msako, nikampiga Baba Koku na kikohozi chake cha kujidai, na zaidi ya wote nilijipiga mimi. Vumbi likaondoka, likashuka na mteremko kuelekea ziwani.

Watu walisimama. Hakuna aliyesalimu. Mama Nyanzala akamkalisha Koku kibarazani, akaenda kwake, nikasema moyoni, sawa, na yeye ana mume na watoto, simlaumu. Akarudi na ndoo ya maji kichwani na majani ya mpapai kwapani. Akapanda jiwe, akaanza kusugua.

Maji yaliyotoka yalikuwa meusi. Tulimwaga, tukasugua, tukamwaga, mpaka maua yakaonekana buluu ya kweli. Hata mimi nilikuwa nimeyasahau.

Jua lilipopinda ndipo Baba Koku aliposhushwa na lori kule chini. Nilimwona anapanda, nikaona mahali alipoliona zulia, maana miguu ilisimama. Na Balozi naye akawa anatokea upande wa pili. Walifika pamoja.

"Shikamoo Mzee," nikasema, mikono inadondosha maji.

"Marahaba." Akalizunguka jiwe, akaligusa zulia kwa ncha ya vidole. "Hili ni la nani?"

Baba Koku akatazama ziwani. Nikamngoja. Mama Nyanzala naye akamngoja. Mume wangu aliendelea kutazama ziwa kana kwamba kuna meli yake inayokuja.

"La kwangu," nikasema.

"Mama Koku, sikukuuliza wewe." Hakusema kwa ukali. Akamgeukia mume wangu, akashusha sauti. "Nimeliona, ndugu yangu. Nikisema sikuliona, mtaa mzima umeliona. Jumatatu asubuhi uje ofisini na risiti."

Akamtazama Koku pale kibarazani, na ule mluzi wake. Nilidhani atasema kitu, ana wajukuu yule mzee. Akaondoka.

"Umenimaliza, Mama Koku," akasema mume wangu. Hayo tu. Afadhali angefoka. Afadhali angenipiga hata kofi, ningejua pa kuanzia. Nikamweleza kuhusu mtoto, nikamweleza midomo. Akanisikiliza akiwa amempakata Koku kifuani kwake, anamfuta mchanga miguuni. Nilitaka kumchukia na nikashindwa.

Kwa mama yangu huko Kagera sakafuni tulitandika nyasi. Zikichakaa tunazikusanya zote, tunazitoa, tunatandika mbichi, nyumba inanukia shamba. Hakuna aliyezionea uchungu na hakuna aliyeulizwa alizitoa wapi. Hatukujua kama ule ulikuwa utajiri.

Jioni mimi na Mama Nyanzala tumejaribu kulishusha zulia, limelowa, limekuwa zito kama ng'ombe aliyekufa. Tumeliacha pale juu. Kila anayepita anageuza shingo. Ndani nimefungua madirisha yote, nimepangusa kuta kwa kitambaa kibichi, mito ya sufi nimeitoa nje, nimemwaga maji kwenye saruji mpaka ikawa nyeusi. Chumba kimekuwa kitupu, sauti yangu inanirudia.

Jumatatu nitakwenda naye, atake asitake. Nitawaambia habari ya zawadi. Nitawaambia daktari alichosema. Wasiponiamini nitamvua Koku gauni mbele yao, waweke masikio kifuani mwake wasikie wenyewe. Najisemea hivi tangu magharibi, nikijaribu kuamini. Wamewasikiliza wangapi?

Sasa hivi nimeweka sikio mgongoni kwake. Mluzi umepungua. Hata sisemi kwa sauti, nisije nikaushtua. Miezi yote hii nimeomba nisikie mgongo huu umetulia, na usiku wa leo, kwenye chumba hiki kisicho na kitu, unatulia.

Na baba yake bado yuko nje, anasikiliza kila hatua inayopanda mlima.

Wakimweka ndani Jumatatu, na Koku akaamka Jumanne mzima kabisa, anapumua kama watoto wenzake, akaniuliza baba yuko wapi, nitamjibu nini? Kwamba nilimtoa yeye, wewe upate pumzi?